Zamu za Maji Nilizozifuta

Vijana mnaofundisha watoto kompyuta pale maktabani siku za Jumamosi, mmeniletea daftari jipya na kalamu mbili, mkaniomba niandike machache kuhusu tulikotoka. Nawashukuru kwa daftari. Nadhani mnategemea nieleze jinsi tulivyokuwa na kompyuta nne tu na bado tukafanya maajabu. Kompyuta zilikuwa nne, hilo ni kweli. Maajabu nitawaeleza pia, lakini kuna jambo moja nililolifanya mimi ambalo nimelinyamazia kwa miaka mingi mno, na sitaweza kuandika hayo mengine nikaliruka hilo.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Kibosho kwa kuzaliwa, na nilikaa katika chumba cha watoto cha maktaba ya umma mjini Moshi tangu nikiwa msichana hadi niliposhindwa kuziona herufi ndogo za kwenye kadi. Watoto waliniita Mama Maktaba. Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kufuta. Kitabu kikirudi, nakipitia ukurasa kwa ukurasa nikitafuta alama za penseli, maana watoto huandika majina yao pembeni na kuwachorea masharubu mpaka wanawake wa kwenye picha. Nilikuwa na ufutio mweupe niliouweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Aliyenifundisha kuutumia ni mkuu wangu wa kwanza, mama mkali asiyependa maneno. Unafuta kuelekea upande mmoja, hurudi nyuma, vinginevyo karatasi itachubuka. Halafu unapuliza. Hupangusi kwa mkono, kwa sababu mkono una mafuta. Alikuwa akisema kwamba kitabu cha maktaba hakina mwenyewe, na kila anayekifungua anatakiwa akikute kama vile hakuna aliyekitangulia. Nililishika hilo kuliko hata alivyokusudia.

Kompyuta zilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini. Nchi ilikuwa imefunguka, kila kitu kinaingia, mitumba na redio na sabuni za kila rangi, na katika kuingia huko zikaingia na kompyuta nne za msaada zilizochoka, zimefungwa kwenye mablanketi. Nikaambiwa chumba cha watoto ndicho chenye nafasi. Nilizifuta vumbi, nikazifunika kwa vitambaa vya kufuma vya kutoka nyumbani kwangu, vile vya kuweka juu ya makochi, na kwa miezi miwili hazikuguswa na mtu. Nilikuwa naziogopa, semeni nini.

Aliyeniokoa ni Bwana Lyimo. Alikuwa ameendesha mashine za kukokotoa katika kampuni moja ya kahawa, na walipopunguzwa kazi akawa anakuja kwetu kila asubuhi kusoma magazeti, kutoka ukurasa wa mbele hadi matangazo ya vifo. Siku moja akaniuliza nimefunika nini pale. Alipofunua kitambaa alicheka mpaka watoto wakageuka, kisha akavuta kiti, akaiwasha ya kwanza.

"Mama, hii haina akili, ina utii," aliniambia. "Usiiogope yenyewe. Ogopa amri uliyoitoa wewe."

Basi nilijifunza nikiwa na zaidi ya miaka arobaini, nikiwa hatua tatu tu mbele ya watoto, na siku nyingine nyuma yao. Maneno ya BASIC, lugha tuliyotumia, yalikuwa ya Kiingereza, na watoto wetu walikuwa wa shule ya msingi, kwa hiyo tuliyaandika ukutani na Kiswahili chake pembeni. Tuliketisha watoto wawili kwenye kila kompyuta, na yule anayejua zaidi tulimwambia aikalie mikono yake. Jaribuni hilo la kukalia mikono. Mpaka leo sijaona dawa nyingine ya mtoto mjuaji.

Lakini tulianzia sakafuni, siyo kwenye kompyuta. Nilikuwa na madroo ya kadi za zamani, za vitabu vilivyokwisha chakaa, na nyuma ya kila kadi ni peupe. Kila kadi iliandikwa amri moja, kwa penseli. Watoto walizipanga sakafuni, halafu mmoja wao anakuwa kompyuta, na haruhusiwi kufanya lolote ambalo kadi haikusema. Siku ya mtori, ile supu yetu ya ndizi, nilileta sufuria, kisu na ndizi mbichi kutoka nyumbani. Kompyuta siku hiyo alikuwa mtoto mmoja ambaye wazazi wake walifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, watu wa kutoka mkoa mwingine, hajawahi kupika mtori maishani mwake. Kadi ilisema weka ndizi kwenye sufuria. Akaweka mkungu mzima, na maganda yake, na kile kikonyo chake. Hakuna aliyekuwa ameandika kumenya.

Watoto walianguka kwa kucheka, isipokuwa msichana mmoja wa darasa la sita aliyeziandika zile kadi. Huyo alikuwa Apolonia. Hakucheka wala hakununa. Aliokota kadi zake, akakaa pembeni, na Jumamosi iliyofuata alirudi na mtori wa kadi kumi na tisa, hadi ile ya kukoroga isishike chini. Bwana Lyimo alisoma kadi zote, akanitazama juu ya miwani. Tangu siku hiyo alikuwa akimwachia kiti chake.

Apolonia aliishi na shangazi yake Kiboriloni ili asome, lakini kwao ni Kibosho, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Babu yake ndiye aliyekuwa akiutunza mfongo wa kijiji chao. Ninyi mliokulia kwenye mabomba, mfongo ni mfereji unaochukua maji ya mto juu kabisa na kuyashusha kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa shamba la nyumbani, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyafungulia. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Kulikuwa na zamu za asubuhi na za jioni, nyumba zilizobadilishana siku tangu enzi za baba zao, mjane aliyeongezewa nusu siku, na desturi kwamba panapotokea msiba maji yanakwenda kwanza nyumba ya wafiwa na wengine wote wanasogea. Yote hayo alikuwa nayo yule meku, yule mzee, kichwani, na macho yake yalikuwa yamekwisha, na wajukuu wa kiume walikuwa Dar.

Apolonia alikuja akaniuliza kama kompyuta inaweza kukumbuka zamu. Nilimwambia inaweza kama yeye ataweza kuieleza. Kumbe kumtoa babu zile zamu ndiyo ilikuwa kazi. Ukimkalisha na kumuuliza, alisema hakumbuki. Alikumbuka akiwa anatembea. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa Apolonia alimshika mkono wakaufuata mfongo kutoka juu hadi chini, na babu kila alipofika kwenye lango la maji aliligusa kwa fimbo yake, akasema ni la nani, siku gani, na kwa nini. Mtoto anaandika kwenye kadi zangu. Jumamosi anakuja nazo zina tope.

Ilimchukua miezi minane. Msiba ndio uliowashinda kwa muda mrefu, ule usogeaji wa zamu, na nilimkuta Bwana Lyimo ameacha gazeti, ameegemea kiwiko, anabishana na mtoto wa miaka kumi na miwili kama vile ni afisa mwenzake. Siku ilipokubali, Apolonia aliandika siku ya wiki, akaambiwa nani afungulie maji. Akaandika kuna msiba nyumba fulani, na majina yote yakasogea kama yalivyotakiwa. Nilijivuna siku hiyo, nikawapa wote wawili karanga, ingawa kula chumbani mle kulikuwa marufuku na kibao cha marufuku nilikiandika mimi.

Nilikuwa na sheria nyingine pia. Umeme ulikatika ulipotaka, kwa hiyo nilikuwa nikigonga meza kwa rula kila baada ya muda mfupi na watoto wote wanahifadhi kazi zao. Nikigonga tu, vidole vinakwenda. Sheria ya pili, hakuna kutoka na disketi, maana kitu kisicho na muhuri wa maktaba hakitoki wala hakiingii. Na ya tatu, kadi ikishaingizwa kwenye kompyuta inafutwa ili mwingine aitumie, kwa sababu kadi zilikuwa zinakwisha. Kadi za mfongo nilizifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nilipuliza, sikupangusa.

Sasa nafika.

Tulipata taarifa kwamba wale waliotusaidia kompyuta watakuja kuziona. Apolonia hakuwepo wiki hiyo, alikuwa amepanda kwao kwa sababu babu alikuwa mgonjwa, na Bwana Lyimo alikuwa kihambani kwake anachuma kahawa. Mchana wa siku moja kabla ya wageni nilisafisha chumba. Nilifua vitambaa, nikapangusa madirisha, nikafuta vitabu, kisha nikakaa kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, nikaona zilivyojaa makorokoro ya watoto, majina yasiyoeleweka, kazi zilizoishia njiani. Niliona aibu, kama mgeni anavyokukuta na vyombo vya jana. Nikaanza kufuta. Nilikwenda upande mmoja bila kurudi nyuma, na nilipomaliza nikamwaga na lile pipa la taka la kompyuta.

Niliona jina MFONGO. Sitawadanganya kwamba sikuliona. Nilijiambia hiyo kazi imekwisha, na kwa mtu wa maktaba kilichokwisha ni kama kitabu kilichorudishwa. Unakisafisha ili anayefuata akikute kipya. Mkono haukusita hata kidogo. Wageni walikuja, wakakaa dakika chache, wakapiga picha, wakasifu usafi.

Babu yake Apolonia alifariki siku ile ile ya wageni. Nilisikia habari hizo kutoka kwa ndugu zangu, na hata hapo sikuziunganisha na nilichofanya. Wiki iliyofuata Apolonia aliingia chumbani na baba zake wadogo wawili, wamevaa makoti ya msibani, viatu vina vumbi la Kibosho. Wakanisalimia kwa heshima, wakanieleza kwamba baada ya maziko wazee wamekaa na hawakubaliani zamu, kila mmoja anakumbuka yake, na huyu mtoto amesimama mbele ya wazee wote akasema anazo. Zipo Moshi, maktabani. Wameshuka kuzichukua.

Apolonia alivuta kiti. Alitafuta kwenye kompyuta yake, kisha kwenye ya pili, kisha zote. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na wakati huo nilikuwa nimeshajua.

"Haipo, mama," alisema.

Nikasema umeme ulikatika wiki ile aliyokuwa kwao. Na kweli ulikatika, hukatika kila wiki.

"Lakini nilihifadhi, mama."

"Ungekuwa umehifadhi, mwanangu, ingekuwepo."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikupandisha sauti, nilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayefariji. Mkubwa wa wale baba wadogo alinishukuru, akaniambia nisijisumbue, mtoto ni mtoto. Kisha akamwekea Apolonia mkono begani wakatoka. Hakulia. Alikuwa ametazama vidole vyake.

Niliogopa nini? Najiuliza mpaka leo. Kazi nisingefukuzwa. Nadhani niliogopa kuonekana mbele ya wale wanaume wa nyumbani kwetu kwamba mimi, msomi wa mjini, sikujua nilichokuwa nakigusa. Na nilikuwa sijui kweli, maana Bwana Lyimo aliporudi baada ya majuma matatu nikamweleza, alishika kichwa. Akanieleza kwamba kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, kinakaa mpaka kingine kiandikwe juu yake, na ningeacha kugusa ile kompyuta nikamwita siku ile ile, angeweza kukitafuta. Lakini kwa majuma matatu watoto walikuwa wameandika juu yake kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga rula wahifadhi.

Aliniambia nimwendee mtoto nimwambie. Nikaahidi. Baadaye akaniuliza kama nimekwenda, nikamjibu nimekwenda. Alifariki akiamini hivyo, na lile nalo liko juu yangu.

Kule Kibosho wazee walipanga zamu kwa kukisia. Waliokuwa chini, mwisho wa mfongo, ndio walioumia, kwa sababu kila wa juu alikumbuka asubuhi moja zaidi. Kaka yangu alinisimulia watu walivyokuwa wakilinda malango kwa majembe, na jinsi siku za kuchimbua mfongo walivyopungua wanaojitokeza, mpaka sehemu za chini zikaota majani. Sisemi niliukausha mimi. Mabomba yalikuja, vijana waliondoka, kahawa ilishuka bei. Ila najua kwamba kulikuwa na watu waliogombana hadi kutosalimiana kanisani kwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa limeandikwa, na mtoto aliyeliandika akaonekana mwongo.

Apolonia hakurudi. Nilimtumia salamu kwa shangazi yake mara moja, salamu tupu, na shangazi akanijibu kwamba mtoto anasema kompyuta ni za watu makini.

Mwaka huu nilipeleka nguo ya kipaimara ya mjukuu wangu kwa fundi cherehani mmoja Kiboriloni, aliyesifiwa kwangu kwamba hakosei vipimo. Alimpima mtoto, akaandika kwenye daftari. Kisha akafungua daftari la pili, akaandika vile vile upya, akalifungia kwenye droo. Nikamuuliza kwa nini anaandika mara mbili. Akainua uso akatabasamu.

"Shikamoo, Mama Maktaba. Hukunitambua. Mimi ni msahaulifu, si unajua mwenyewe. Tangu ile ya babu nikiandika kitu mara moja siamini kama nimekiandika."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayekueleza kwamba ana presha. Akaongeza kwamba wanawe anawachapa maneno kila siku wasije wakawa wazembe kama mama yao. Nikaitikia marahaba. Nilimshika mjukuu wangu mkono nikaondoka, na mtoto akaniuliza njiani kwa nini natembea haraka.

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake hukata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, akamwendea nalo mkononi. Anayeletewa isale hamfukuzi aliyelileta. Siku ya kuchukua nguo nilikata moja, nikalifunga kwa gazeti, nikaliweka kwenye mkoba. Nilipofika Kiboriloni nikaona ninachotaka kufanya. Nilitaka alione jani kwanza, ili lile jani limfunge mdomo kabla sijasema neno. Hata katika kuomba msamaha nilikuwa natafuta sheria ya kujificha nyuma yake. Nikaliacha mkobani.

Kwa hiyo, ninyi vijana, mliniomba ya kuwafaa kazini, nami ninayo haya tu. Msifute cha mtoto bila kumuuliza mwenyewe, hata kama kwenu ni takataka. Mkifuta, semeni siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Kitu kilichofutwa hukaa kidogo kabla kingine hakijaandikwa juu yake, na mtoto hali kadhalika.

Siku ile ya kuchukua nguo fundi alikuwa peke yake, anaondoa nyuzi kwenye nguo ya mjukuu wangu. Nilibaki nimesimama. Nikamwambia kwamba ile kazi ya zamu za maji haikupotea kwa umeme. Nilimwambia niliifuta mimi, mchana, nikiwa na akili zangu, kwa sababu ya wageni, na kwamba nililiona jina MFONGO, na kwamba siku ile mbele ya baba zake wadogo nilijua nasema uongo.

Alisimamisha mkono. Kisha akalivuta lile daftari lililokuwa mezani, akaliweka magotini bila kulifungua.

"Kumbe nilihifadhi," alisema.

Nikamwambia ndiyo, ulihifadhi.

Akasema tena, sasa si kwangu, kwa sauti ya mtoto wa darasa la sita, "Nilihifadhi."